Aplikesheni, vitabu vya simu au duka la tano: mwenye maduka manne ya vitabu aanze na kipi?

SWALI: "Mimi na mwenzangu tunaendesha maduka manne ya vitabu: mawili Dar es Salaam, moja Morogoro na moja Dodoma. Huu ni mwaka wa pili mauzo hayapandi. Wateja wanaingia, wanapiga picha jalada, wanatoka. Vitabu vingine tunaviona vikizunguka kwenye magrupu ya WhatsApp kama PDF. Vijana wa ofisini wanashauri tutengeneze aplikesheni yetu ya kuuza vitabu vya karatasi na vya kielektroniki, na tumepewa makadirio ya shilingi milioni 45. Mwenzangu anasema fedha hiyo ikafungue duka la tano Mwanza. Mali iliyomo madukani tunaikisia kuwa ya milioni 120 kwa bei ya kununulia, ila kila duka lina daftari lake. Naogopa kuachwa na teknolojia, na naogopa kuunguza mtaji. Nianze wapi?"

JIBU: Ndugu msomaji, hofu zako zote mbili zina msingi. Jibu langu linaanzia kwenye maneno uliyoyapitisha harakaharaka: "ila kila duka lina daftari lake." Kwa sasa hayo ni maduka manne yanayochangia jina tu, na fedha yako inavuja hapo.

Chukua mfano. Mteja wa Dodoma anaulizia kitabu cha ufugaji wa kuku. Mhudumu anatazama rafu, anasema kimeisha. Wakati huohuo nakala tano za kitabu hichohicho zimelala Morogoro tangu Machi, ndani ya boksi chini ya meza. Mteja anaondoka. Mwezi unaofuata Dodoma inaagiza nakala kumi mpya kwa mchapishaji. Umenunua tena kitabu ulichokuwa nacho, na aliyekuwa tayari kulipa amekwenda kwingine. Ukiweka aplikesheni juu ya hali hii, mteja atalipa kwa simu, kitabu kitatafutwa siku mbili katika maduka manne, hakitaonekana, nawe utaanza kazi ya kurudisha fedha na kuomba radhi.

Kwanza niondoe dhana mbili. Ya kwanza ni kwamba kitabu cha karatasi kinakufa na wewe umechelewa mazishi. Kule Marekani na Uingereza ambako vifaa vya kusomea vilishika mapema, ukuaji wa vitabu vya kielektroniki ulipoa katikati ya miaka ya 2010, na karatasi bado ndiyo inayowaingizia wachapishaji sehemu kubwa ya mapato. Borders, kampuni ya maduka ya vitabu ya Marekani, ilikabidhi mauzo yake ya mtandaoni kwa Amazon mwaka 2001, ikaja kufungua tovuti yake mwenyewe mwaka 2008, na mwaka 2011 ikafilisika. Wengi husimulia kisa hicho kama onyo kwa asiyependa teknolojia. Mimi naliona kosa lake kwa namna nyingine: ilimpa mshindani wateja wake, na pamoja nao taarifa za nani ananunua nini. Waterstones, kampuni ya maduka ya vitabu ya Uingereza, ilianza kuuza Kindle, kifaa cha kusomea cha Amazon, madukani mwake mwaka 2012, ikaacha mwaka 2015. Kilichoiinua ni kazi ya rafuni. James Daunt, aliyeichukua mwaka 2011, aliacha kupokea malipo ya wachapishaji ya kutengewa meza za mbele, akawaachia mameneja wa kila duka wachague vitabu vinavyofaa mji wao. Mwaka 2019 alikwenda kuiongoza Barnes & Noble, kampuni ya maduka ya vitabu ya Marekani, kwa njia hiyohiyo.

Dhana ya pili ni huyu anayepiga picha jalada. Mnamwona kama mwizi wa muda, kumbe mara nyingi anamtumia mwenzi wake au mtoto aliye chuoni, akiuliza "ndiyo hiki?" Jibu likirudi yupo kwenye daladala. Bandika kwenye kila rafu kadi ndogo yenye namba yenu ya WhatsApp, lipa namba, na maneno "Piga picha, ututumie, tutakuletea." Gharama yake ni karatasi na gundi, na mtu aliyekuwa akitoka bure sasa ameshika njia ya kurudi.

Sasa tuipime aplikesheni ya milioni 45. Tuseme kitabu chenu cha kawaida kinauzwa 20,000 na mchapishaji anawapa punguzo la asilimia 30. Mnakinunua 14,000, faida ghafi ni 6,000. Kurudisha milioni 45 mnahitaji kuuza nakala 7,500 za ziada, yaani nakala ambazo bila aplikesheni zisingeuzwa kabisa. Hapo hatujagusa matengenezo ya kila mwaka, matangazo ya kuwashawishi watu waipakue, wala bodaboda wa kupeleka mzigo. Na mtu anayenunua vitabu vitatu kwa mwaka hatatenga nafasi kwenye simu yake kwa ajili ya duka moja. WhatsApp anayo tayari.

Ukuaji wa duka la vitabu hutegemea mtaji kuzunguka. Chukua gharama ya vitabu vyote mlivyouza mwaka mzima, igawanye kwa thamani ya mali iliyopo, zote kwa bei ya kununulia. Mkiwa mmeuza vitabu vilivyowagharimu milioni 180 na mali ni milioni 120, mtaji umezunguka mara moja na nusu. Hapo mnachoka bure. Kwa biashara kama yenu ningelenga mara tatu, bila kuongeza hata rafu moja.

Kinachozuia mzunguko ni mali iliyolala. Ikiwa robo ya mali yenu haijauza nakala kwa miezi 12, hiyo ni milioni 30 iliyokaa kimya. Wengi hukataa kuipunguza bei kwa kuogopa hasara, lakini hasara hiyo ilishaingia siku kitabu kilipokosa mnunuzi. Kilichobaki ni kuikiri. Uza kwa nusu ya bei ya kununulia mpate milioni 15. Fedha hiyo ikinunua vitabu vinavyotoka, kwa punguzo lilelile la asilimia 30, inarudi kama mauzo ya takriban milioni 21.4, faida ghafi milioni 6.4. Ikizunguka mara tatu kwa mwaka ni zaidi ya milioni 19, kutoka kwenye vumbi.

Hamtaweza kuijua mali iliyolala mpaka mhesabu, kwa hiyo kazi ya kwanza ni hiyo. Msihesabu Desemba wala Januari, msimu wa shule utawavuruga. Funga duka moja Jumapili moja, lipangiwe watu wawiliwawili: mmoja anasoma msimbopau kwa skana, mwingine anahesabu nakala na kuweka alama kwenye rafu iliyokwisha. Anayehesabu asione idadi iliyo kwenye daftari, maana akiiona atahesabu kuelekea namba hiyo. Msisahau maboksi ya chini, vitabu vya dirishani, na vilivyo mikononi mwa walimu kama sampuli.

Utambulisho wa kila kitabu uwe ISBN, namba ya kimataifa ya kitabu, na hapa ndipo mifumo mingi ya madukani huharibika mapema. Tangu Januari 2007 ISBN ina tarakimu 13, na nyingi za Tanzania huanza 978-9976 au 978-9987. Vitabu vya zamani vina tarakimu 10. Mhudumu akiiandika hiyo ya 10 kama ilivyo, na mwenzake akaingiza ya 13, kitabu kimoja kinakuwa na kumbukumbu mbili na hesabu hazitalingana tena. Wala haitoshi kutanguliza 978 mbele yake, kwa sababu tarakimu ya mwisho ni ya ukaguzi na lazima ikokotolewe upya. Mfumo mzuri hufanya hivyo wenyewe. Vitabu vya waandishi waliojichapishia, visivyo na msimbo wowote, vichapishieni lebo zenu za ndani zinazoanza na tarakimu 2. Kundi hilo limetengwa kwa matumizi ya ndani ya duka, hivyo halitagongana na bidhaa ya mtu mwingine. Toleo la mtaala wa zamani na la mtaala mpya yawe na kumbukumbu tofauti hata kama majalada yanafanana.

Kuhusu mfumo wenyewe, sitakutajia jina, nitakupa mtihani. Mwambie muuzaji aje dukani na mashine mbili. Zima intaneti mbele yake. Uza vitabu vitano kwenye mashine ya kwanza na vitatu kwenye ya pili, kimojawapo kikiwa kitabu kilekile kwenye zote. Washa intaneti. Hesabu zikishindwa kujipatanisha ndani ya dakika chache, mshukuru na umruhusu aende, kwa sababu umeme na mtandao vitakatika Januari watu wakiwa wamejaa kaunta. Muulize pia kama mnaweza kutoa kumbukumbu zenu zote kwenye faili la Excel siku yoyote bila kumwomba, kama kila mhudumu ana nywila yake, na jinsi risiti za TRA zitakavyotoka bila kuandika mauzo mara mbili.

Baada ya mfumo kuanza, utaharibika kidogokidogo msipoulinda. Kila Jumatatu meneja achague vitabu 20 rafuni avitafute kwenye mfumo, kisha achague 20 kwenye mfumo avitafute rafuni. Vikilingana pungufu ya 38 kati ya 40, asiishie kusahihisha namba, atafute chanzo. Mara nyingi ni mzigo uliotoka duka moja kwenda jingine kwa basi: Dar wameutoa, Morogoro hawajaupokea, na kwa siku mbili haupo popote. Tengeneza kwenye mfumo "duka" la tano linaloitwa Njiani, kila mzigo upite humo. Vyanzo vingine ni mauzo ya haraka yaliyoandikwa kwenye karatasi, mwalimu aliyechukua kwa ahadi, na wizi.

Vitabu vya mali kauli viwe na alama yake. Mchapishaji anapokuachia nakala 100 ukamlipa zikiuzwa, ile 14,000 ya kila nakala ni fedha yake iliyopita mkononi mwako. Maduka mengi huilipia kodi ya pango, halafu mchapishaji akija kuhesabu hakuna kitu, na kuanzia hapo anataka fedha taslimu mbele. Fungua akaunti ya pembeni, kila Ijumaa hamishia humo sehemu yao. Mkishakuwa na taarifa za mauzo za kila mwezi zisizo na shaka, mna hoja ya kuwaomba wachapishaji wengi zaidi mali kauli. Hapo mnakuza rafu kwa mtaji wa mwingine kwa haki, na kwangu hii ndiyo zawadi kubwa ya mfumo.

Sasa mauzo ya simuni. Chukueni namba moja ya WhatsApp Business kwa maduka yote manne. Katalogi yake inabeba bidhaa 500. Wekeni 300 zinazotoka, kila kimoja na picha ya jalada, picha ya ukurasa mmoja wa ndani, bei, na darasa au umri kinaofaa. Mtu mmoja awe na kazi ya kujibu, akiangalia mfumo kabla ya kusema "kipo". Mteja akituma ujumbe wa maandishi kwamba amelipa, msiukubali kama ushahidi, hata picha ya ujumbe huo. Ujumbe wa kughushi ni mwingi, kwa hiyo thibitisheni kwenye simu au taarifa ya lipa namba yenu kabla kitabu hakijatoka. Kila duka liwe na lipa namba yake, la sivyo jioni hamtajua nani ameuza nini.

Kitabu kinachosafiri kwa basi kifungwe nailoni kwanza, kwa sababu ya mvua na dagaa waliowekwa jirani, kisha kibanwe kati ya vipande viwili vya kadibodi vinavyozidi kingo kwa sentimita moja kila upande. Pembe ndizo zinazovunjika. Pigeni picha stakabadhi ya kifurushi na namba ya basi, mteja atumiwe papo hapo. Nauli ya kifurushi aione kabla ya kulipa, isije ikawa jambo la mshangao kituoni.

Namba za simu mtakazokusanya zina sheria yake, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mwombe mteja ridhaa ya kumtumia matangazo, iandikwe, na akisema basi, atolewe. Hata bila sheria, ujumbe wa pamoja wa WhatsApp huwafikia wale tu waliohifadhi namba yenu, kwa hiyo wachache wanaowataka wana thamani kuliko orodha ndefu ya kununua.

Anzisheni pia kumbukumbu ya walichokosa. Kila mteja anayeulizia kitabu ambacho hamna, dukani au simuni, aandikwe: kitabu gani, mji gani, tarehe gani. Baada ya wiki nane karatasi hiyo itawaeleza mengi kuliko mshauri yeyote. Na mpeni kila meneja sehemu ya bajeti ya kununua, tuseme asilimia 20, aitumie kwa kufuata karatasi hiyo. Morogoro ina Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na ina Mzumbe. Dodoma ina UDOM na ofisi za serikali. Kuwapelekea wote boksi lilelile kutoka Dar ni kuwanyima wasomaji wao.

Vitabu vya kielektroniki sikukatazi, nakukataza kuvijengea nyumba yenu wenyewe. Haki ya kuviuza ni ya mchapishaji au mwandishi, na duka halina ruhusa ya kuskani kitabu likakiuza hata kama lina nakala zake mia. Mapato nayo ni madogo: kitabu cha simu cha 10,000 kikikupa kamisheni ya asilimia 20 ni 2,000, kwa hiyo vitatu ndivyo vinalingana na faida ya kimoja cha karatasi. Njia ninayoiona ya maana ni kukubaliana na mchapishaji mwenye jukwaa lake muuze kaunta kadi za kukwangua zenye namba ya kupakulia, kama vocha. Mteja analipa taslimu au kwa simu, mchapishaji anabeba teknolojia, nyinyi mnabaki na mteja. Mjaribu na vitabu kumi kwa miezi sita. PDF za wizi ziripotini kwa mchapishaji wa kitabu husika, kwani yeye na Ofisi ya Hakimiliki ndio wenye meno. Nguvu yenu mzielekeze kwenye kuhakikisha kitabu halali kinapatikana leo, kwa bei inayoonekana, maana wapo wanaopakua PDF kwa sababu walikikosa dukani.

Neno moja juu ya vitabu vya kiada: msijenge ukuaji juu yake. Taasisi ya Elimu Tanzania inaviweka vitabu vyake kwenye Maktaba Mtandao bure, na mtaala ulioboreshwa ulianza kutekelezwa Januari 2024 kwa awamu, hivyo agizo kubwa la darasa ambalo zamu yake imekaribia ni hatari. Wenzetu wa Kenya walionja hili mwaka 2018, serikali yao ilipoanza kununua vitabu vya kiada kwa wachapishaji moja kwa moja na kuvifikisha katika shule za umma. Waliotegemea oda za shule walibaki na kaunta kavu. Ziada, watoto, dini, vyuo na stadi za kazi ndiko mnakoweza kuchagua na kujitofautisha.

Mwenzako anayetaka duka la Mwanza hajakosea, amewahi tu. Tuseme pango ni 900,000 kwa mwezi, mishahara ya watu wawili 900,000, umeme, intaneti na ulinzi 300,000. Hiyo ni 2,100,000. Kwa faida ghafi ya asilimia 30 duka linahitaji mauzo ya milioni 7 kwa mwezi ili lisile mtaji, yaani vitabu 350 vya 20,000, au 13 hadi 14 kila siku kwa siku 26. Juu yake kuna mali ya kujaza rafu, na mwenye nyumba anayetaka kodi ya miezi sita au mwaka mkononi. Hesabu oda za Mwanza zinazoingia kwa WhatsApp kwa miezi sita, kisha kodini meza kwenye maonyesho ya shule au kona katika duka la vifaa vya ofisini la mtu mnayemwamini. Vikifika vitabu 120 kwa mwezi bila duka, mazungumzo ya pango yana maana. Visipofika, basi litaendelea kuwahudumia wateja wa Mwanza bila kodi.

Yapo mambo ambayo maandishi hayatoshi. Mkikuta tofauti kati ya daftari na rafu inazidi asilimia tatu ya thamani katika duka lolote, leteni mkaguzi wa nje afike dukani kabla hamjamtuhumu mfanyakazi, kwani tofauti kama hiyo huwa na vyanzo kadhaa vilivyochanganyika. Kabla ya kushusha bei au kuteketeza mali iliyolala, kaeni na mhasibu aliyesajiliwa na NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, awaelekeze namna ya kuiandika kwenye vitabu vya hesabu na TRA wanataka ushahidi gani. Madeni ya wachapishaji yakiwa makubwa kuliko mali iliyopo, simamisha kila mradi, aplikesheni na Mwanza vyote, ukutane nao uso kwa uso na ratiba ya malipo mkononi. Na mkataba wowote wa mfumo au wa pango usomwe na wakili kabla ya sahihi, hasa kipengele kinachosema kumbukumbu za wateja wenu ni mali ya nani siku mtakapoachana na aliyewauzia mfumo.